Likizo ya Mikono ya Mke Wangu

Nimerudi jana kutoka Ugiriki na mgongo wangu haunyooki. Hii ilikuwa mara ya saba. Watu wakisikia mara saba wanasema najisifu, na kweli najisifu, kwa nini nisijisifu? Kutoka Kericho mpaka Bomet, nionyeshe mtu mwingine aliyeacha shule darasa la sita, na ambaye kuna mama mzee huko Ugiriki anamfungia mto wake wa kulalia kabatini mwaka mzima ili mgeni mwingine asiulalie. Hakuna. Lakini leo naandika nikiwa nimechoka, na nitaandika kama mtu aliyechoka.

Jina la kisiwa sitalitaja. Nikilitaja, mwaka ujao nitakuta nusu ya wenye malori wa huku wamekaa juu ya ukuta wangu wakiuliza samaki ni pesa ngapi. Nitasema tu kwamba ni mawe, miiba na mbuzi, kama kule Chebunyo kwetu ikiwa imezungukwa na maji. Nyumba ni nyeupe na zimepanda mlima zikifuatana, na kutoka bandarini mpaka mahali tunapolala kuna ngazi mia moja na kumi na mbili. Nimezihesabu mwenyewe nikiwa na sanduku begani. Mara ya kwanza nilipanda bila kusimama. Mwaka huu nimesimama mara nne, na mara mbili kati ya hizo nilijifanya natazama bahari.

Wacha nijieleze kidogo, kwa sababu kuna wasomaji hawanijui. Mimi nilianza na magunia ya viazi Londiani. Nilikuwa nayabeba mgongoni kutoka shambani mpaka barabarani, mvua ikiniingia shingoni, na nilikuwa na miaka kumi na sita. Baadaye nikawa tanboi wa trekta ya majani chai, yule anayening'inia nyuma na kurusha magunia juu. Leo nina malori manne yanayotoa majani mabichi kwa wakulima kupeleka kiwandani. Nina duka la mabati, saruji na rangi. Sikusaidiwa na mjomba wala mwanasiasa. Hata kusoma gazeti vizuri nilijifunza kwenye kiti cha lori, nikingoja kiwanda kifungue lango.

Kisiwa kilikuja kwangu kwa njia ya rangi. Mwaka mmoja kampuni iliyokuwa ikinipa rangi ilisema wenye maduka watakaouza sana watapelekwa Ugiriki na wake zao. Mimi niliuza rangi mpaka kwa watu ambao hawakuwa na nyumba. Nilikuwa namwambia mtu, "Nunua sasa, ukuta utajenga baadaye." Tukapelekwa, wenye maduka kumi na wake zao. Siku mbili za mwisho zilikuwa za kisiwani. Wenzangu waliteremka kwenye feri wakaingia madukani moja kwa moja. Mke wangu alikuwa ametapika njia nzima, akaniambia, "Mimi nataka tu mahali pa kukaa ambapo hapatingishiki."

Tulipanda zile ngazi tukitafuta kivuli. Juu kabisa kulikuwa na mama mzee amekaa mlangoni, nguo nyeusi tupu, kama wajane wa huko wanavyovaa. Alimtazama mke wangu usoni, akainuka, akaingia ndani, akatoka na kiti, glasi ya maji, na kijiko kimoja cha matunda yaliyopikwa na sukari. Hakuuliza sisi ni nani. Mke wangu alikunywa, akarudisha glasi kwa mikono miwili, namna tulivyofundishwa kumrudishia mkubwa kitu, na akasema, "Kongoi, kogo." Yaani asante, nyanya. Yule mama alicheka na kumshika shavu. Tangu siku hiyo jina lake kwetu ni kogo, na hata binti yake anayeuza mkate pale chini humwita hivyo akiongea na sisi. Wenzetu walilala hoteli yenye bwawa la kuogelea. Sisi tulilala kwa kogo, chumba chenye dirisha dogo na picha za watakatifu, na mke wangu alilala kama mtoto.

Basi mwaka uliofuata nikasema tutarudi kwa pesa yangu mwenyewe. Sikutaka mtu aseme mimi ni wa kupelekwa.

Lazima nieleze kwa nini. Nilipomwona mke wangu mara ya kwanza alikuwa anachuma majani kwenye shamba kubwa la chai karibu na Kericho. Kwao ni upande wa Kipkelion, baba yake alikuwa amekufa, na alikuwa akichuma tangu amalize darasa la nane. Nilikuwa nimesimama juu ya trekta nikimwangalia. Kuna wachumaji na kuna wachumaji. Huyu mikono yake ilikuwa inakwenda juu ya chai kama kuku anayedonoa, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, na uso wake ulikuwa mahali pengine kabisa, anaongea na wenzake, anacheka. Lakini jioni nilipomshika mkono niliona vidole. Vilikuwa vyeusi kwa utomvu, vimepasuka kwenye viungo, na ngozi ya ncha ilikuwa laini kama kiatu kilichoisha. Nilimwambia, "Mimi nitakuoa, na hii mikono siku moja itakaa tu." Alicheka. Alifikiri ni maneno ya tanboi.

Nilitimiza. Alichuma miaka kumi na minne, halafu nikanunua lori la kwanza, nikamwambia aache, akaacha. Leo hafui, hakami, hapiki kama hataki. Na kila Juni, baridi ikishuka na majani yakikataa kukua na malori yangu yakipata nafasi ya kupumua, nampeleka Ugiriki. Hiyo ndiyo habari ninayopenda kuwapa watu.

Mara ya kwanza tulipoomba viza wenyewe, kule Nairobi, kijana mmoja wa kike mwenye kucha ndefu alimwambia mke wangu aweke vidole kwenye mashine. Mashine ilikataa. Akaweka tena, ikakataa.

"Mama, bonyeza kwa nguvu."

"Nimebonyeza."

"Mama unafanya kazi gani? Alama za vidole hazionekani."

"Hafanyi kazi yoyote," nikasema mimi. "Huyu ni mke wangu."

Mke wangu akasema polepole, "Nilikuwa nachuma chai."

Yule kijana akatoa kitambaa chenye maji, akampangusa vidole kimoja kimoja kama anampangusa mtoto pua, na tukajaribu mara tisa. Nilikasirika siku hiyo. Niliona kama ile kampuni ya majani ilikuwa bado imemshika mke wangu vidole, miaka yote hiyo baadaye.

Mwaka huo wa kwanza wa kurudi nilibeba pakiti sita za majani chai, ya kwetu, iliyotoka kwenye kiwanda ninachopelekea. Asubuhi nikamwomba kogo maji ya moto na maziwa, kwa vidole na kwa picha za simu. Aliniwekea mkono kwenye paji la uso. Akamwekea mke wangu pia. Akafunga madirisha, akaleta blanketi la sufu katika joto la kuua mbuzi, na mchana akaleta supu ya kuku yenye ndimu. Tukanywa supu. Saa kumi tukaomba chai tena. Alikunja uso, akafanya ishara ya msalaba. Siku ya tatu binti yake alipanda ngazi na unga mikononi, akatuambia kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikielewa: huku kwetu chai ni ya mgonjwa. Na nyinyi mnaomba mara sita kwa siku. Mama amewaambia majirani ana Waafrika wawili wanaomfia ndani ya nyumba.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu. Sijui kama alikuwa ameshawahi kucheka hivyo tangu aache yale majani.

Mwaka wa tatu ndipo nilipoamka nikakuta kitanda upande wake kimepoa. Ilikuwa asubuhi, jua bado liko nyuma ya mlima. Nilitoka kwenye ukuta nikatazama chini. Chini ya nyumba ya kogo kuna matuta ya kale yaliyojengwa kwa mawe, na kwenye nyufa za mawe huota mmea mmoja wa kutambaa, wenye majani ya mviringo na miiba midogo iliyopinda kama ndoano. Wenyewe wanauita kapari. Kabla ua halijafunguka, mmea unatoa kichipukizi cha kijani, kidogo kama punje ya mtama. Wanakichuma, wanakitia chumvi, wanakila na samaki. Ukichelewa siku mbili ua linafunguka na kazi imeharibika.

Nikamwona kogo ameinama. Na karibu naye nikamwona mke wangu, leso kiunoni, kopo limefungwa tumboni kwa kamba, mikono miwili inakwenda kama kuku anayedonoa.

Niliteremka na ndara.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nachuma."

"Naona unachuma! Nimekutoa kwenye majani ya wazungu Kericho, nimekulipia ndege, ndio uje kuchumia mzungu mwingine huku?"

"Huyu si mzungu, huyu ni kogo. Shusha sauti."

"Sishushi! Nimesema hii mikono itakaa!"

Hakunitazama hata. "Ikae mpaka lini?" akasema. "Mimi si kikombe cha kabatini. Toka kwenye kivuli changu, sioni."

Kogo hakuelewa neno hata moja lakini alielewa kila kitu. Alichukua fimbo yake akanionyesha njia ya kupanda juu, namna unavyomwonyesha ndama.

Nilijaribu mengi. Nilikodi mashua yenye kivuli, nikampeleka kuzunguka kisiwa. Alikaa ameshika ukingo, akiangalia upande wa matuta. Nilimpeleka hoteli yenye vitanda vya jua. Aliniuliza, "Hawa watu wamelala hivi wamefanya nini?" Mwishowe niliacha. Kila asubuhi yeye aliteremka matuta na kogo, na mimi niliteremka ngazi kwenda kukaa na wazee wa huko kwenye viti vya majani, kunywa ile kahawa yao yenye matope chini. Waliniheshimu, hilo lazima niseme. Mzee mmoja alikuwa na kigari cha magurudumu matatu kimekufa mwaka mzima, na mimi nilikifufua kwa waya na kisu cha mkate. Lakini mtu atafufua vigari vingapi? Mimi sijui kuogelea. Kazi yangu kisiwani ilikuwa kukaa, na kukaa kunanichosha kuliko magunia ya Londiani.

Nyumbani sikusema ukweli. Pale hotelini tunapokunywa chai, wenzangu wananiita Mgiriki.

"Mgiriki! Umerudi? Huko mlikula nini?"

"Samaki."

"Samaki ndiyo inakupandisha ndege? Si ungeenda Kisumu tu, bana, urudi jioni?"

"Na mama watoto, naye anafanya nini huko?"

"Anakaa," nikawa nasema. "Mke wangu akifika huko hagusi hata kijiko."

Nilisema hivyo miaka minne.

Halafu mwaka jana, mwezi wa kumi hivi, mke wangu aliangusha kibuyu cha mursik. Maziwa yale, ya kugandisha kwa mkaa, yeye hakubali mtu mwingine ayaandae, hata tuwe na wafanyakazi kumi. Kibuyu kilikuwa cha mama yake. Kilipasuka vipande vitatu na yeye akabaki amesimama akiangalia mkono wa kulia kama ni wa mtu mwingine. Akasema hausikii. Nilimpeleka kwa daktari, halafu kwa daktari mkubwa zaidi, kwa sababu mimi siendi kwa mmoja. Wote walisema kitu kimoja. Mishipa ya kifundo imebanwa, na viungo vya vidole vimeliwa na kazi mpaka vimeisha. Wangempasua ili maumivu yapungue, lakini kuchuma, kukama, kukamua nguo, hayo yamekwisha. Daktari akaandika kwenye karatasi: mikono ipumzike.

Nilitoka pale nimeshika ile karatasi nikajisikia vibaya kwa namna ambayo sina neno lake. Ni mimi niliyekuwa nikisema mikono ikae. Sasa imekaa.

Walimpasua mkono wa kulia mwezi wa pili. Maumivu yalipungua. Nguvu haikurudi. Vidole viwili havikunji mpaka mwisho.

Mwezi wa tano nikaanza kutafuta tiketi. Nilimkuta jikoni amekaa karibu na meza, anapanga vijiko vilivyokwisha kupangwa.

"Mimi mwaka huu siendi," akasema.

"Huendi wapi?"

"Huko kwako."

"Kwangu? Kile kisiwa ni changu?"

"Si Mgiriki ni wewe? Nenda ukanywe kahawa."

"Na wewe?"

"Nikafanye nini?"

"Ukae! Upumzike! Si hiyo ndiyo likizo?"

"Kukaa, hata hapa kuna viti," akasema. Halafu akaacha vijiko, na nilijua kuna kitu kinakuja. "Baba watoto, sikia. Yule mama hajui Kiswahili. Mimi sijui Kigiriki. Miaka hii yote tumekuwa tukiongea na mikono. Tunachuma, ananionyesha, namwonyesha, tunacheka. Sasa nikifika na hii mikono nitamwambia nini? Nitakaa hapo kama mgeni?"

Mimi ambaye nina jibu kwa kila mtu, nilivuta vile vijiko nikaanza kuvipanga upya.

Wiki hiyo binti wa kogo alituma picha kwenye simu, kama anavyotuma kila mwaka. Ni picha ya tuta la juu, lile lililo karibu na nyumba, kapari zimening'inia ukutani na vichipukizi vimejaa. Akaandika kwamba mama yake amekataza mtu yeyote asiguse ukuta ule, hata yeye binti. Anasema ni wa dada yake wa Kenya, na atakuja. Mke wangu aliitazama ile picha mpaka simu ikajizima. Akasema, "Itafunguka yote maua." Halafu akasema, "Nitaenda nimwambie mwenyewe. Si vizuri asikie kwa simu. Nikishamwambia, tutarudi, na hatutaenda tena."

Hivyo tukaenda. Safari yote, ndege mbili na saa tano za feri, alikuwa amefunika mikono na leso mapajani.

Kogo alikuwa mlangoni. Amezeeka sana, mgongo umepinda mpaka anakutazama kutoka chini. Alishika mikono ya mke wangu kusalimia, kama siku zote, na nikaona vidole vya kogo vinasimama ghafla. Alivuta leso. Akaona kovu. Akajaribu kukunja vile vidole viwili, polepole, na vilipokataa hakujaribu tena. Aliviinamia akavibusu, akaingia ndani, akaleta kiti, glasi ya maji, kijiko cha matunda.

Mke wangu hakula. Nilimwona anafikiri: ndiyo hivyo, nimekuwa mgeni.

Kesho yake asubuhi kogo aliteremka matuta ya chini peke yake, na fimbo. Tuta la juu hakuligusa. Mke wangu alikaa kwenye kiti kando ya ukuta, mita tatu kutoka kwenye vile vichipukizi, uso amegeuzia mlango. Baadhi ya maua yalikuwa yamefunguka tayari, meupe, na nyuzi ndefu za zambarau. Ni mazuri. Yeye hakuyaangalia. Nilisema naenda chini kwa wazee, akasema sawa. Nikashuka ngazi ishirini hivi. Nikakaa.

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilikuwa nimechoka, na haikuwa ile safari. Nilikuwa nimechoka kusema habari zangu. Nilipanda tena. Kopo la mke wangu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wake, na kamba. Nililifunga tumboni, kamba ikafika kwa taabu kwa sababu ya tumbo langu, nikasimama mbele ya ukuta.

Sasa niseme jambo ambalo wengi huku hawalijui. Mimi nimeishi na majani chai maisha yangu yote, nimeyabeba, nimeyapakia, nimeyapeleka kiwandani, nimejenga nyumba kwa pesa yake, na sijawahi kuchuma. Hata kikapu kimoja. Nilishika kapari ya kwanza nikavuta, na ule mwiba wa ndoano ukaniingia chini ya ukucha. Nikatukana kwa Kipsigis. Nikavuta nyingine ikaja na shina lake. Niliendelea. Jua lilikuwa linafika. Nilijua ananitazama kwa sababu kiti kilikuwa kimelia kwenye mawe, anakigeuza.

"Hiyo imezeeka," akasema.

Nikaendelea.

"Hiyo imezeeka, nimesema! Hujui kuona? Ile ya kulia, ndogo. Siyo hiyo! Hiyo ni jani!"

"Si uninyamazie nichume?"

"Unachuma au unang'oa? Leta hapa hilo kopo."

Nikampelekea. Aliliweka mapajani, akaingiza mkono wa kushoto ulio na nafuu, akaanza kutoa. Alitoa zilizofunguka, zenye mashina, kubwa, zilizopondeka, akizitupa nyuma ya bega lake moja baada ya nyingine, bila huruma, namna karani wa majani anavyofanya pale kituoni mkulima akileta majani magumu. Mimi ambaye nimeona wanaume wazima wakilia mbele ya yule karani, nilisimama mbele ya mke wangu nikingoja. Ndani ya kopo zilibaki kumi na mbili.

"Majani yako yamekataliwa," akasema. "Rudi."

Nikasikia kicheko kutoka chini. Kogo alikuwa amesimama kwenye tuta lake, amejishika kwenye fimbo kwa mikono miwili, anacheka mpaka leso yake nyeusi imeanguka. Alisema kitu kirefu kwa Kigiriki. Mke wangu akamjibu kwa Kipsigis, kirefu pia, akinionyesha kwa kidevu, na wote wawili wakacheka pamoja. Walikuwa wananisema mimi. Ilikuwa wazi kabisa.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda siku kumi. Kogo alichuma matuta ya chini mpaka alipochoka, kisha alipanda na kiti chake, akakiweka kando ya kiti cha mke wangu, wakawa makarani wawili. Mmoja anatoa zilizozeeka, mwingine anatoa zilizopondeka. Zikibaki nzuri, kogo anazipokea kiganjani, anazihesabu kwa macho, anamwonyesha mke wangu, mke wangu anatikisa kichwa au anakunja mdomo. Nilikuwa napiga magoti kwenye mawe. Nilichomwa mwiba mpaka vidole vikavimba. Usiku nilishindwa kugeuka kitandani, na mke wangu alinipaka mafuta ya zeituni mgongoni kwa mkono wa kushoto, akisema, "Ulikuwa unafikiri ilikuwa rahisi?"

"Mimi nimebeba viazi Londiani," nikasema.

"Viazi," akasema. "Kiazi hata mtoto anakiona."

Binti alikuja siku moja na mikate akanipiga picha nikiwa nimeinama, matako juu, kopo limening'inia. Mke wangu akaitaka. Akaituma kwenye kundi la familia, na kutoka hapo nafikiri iliruka mpaka kwa kila mwenye simu katika wilaya yetu, kwa sababu kabla ya mchana simu yangu ilikuwa inalia. "Mgiriki! Umeajiriwa?" "Mgiriki, huko kilo ni ngapi?" "Mzee, rudi nyumbani, tutakuchangia nauli!" Kiongozi wa wazee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kufanya mzaha, aliandika: "Kila kazi ni kazi." Siku nyingine ningemwitia wakili. Niliiweka simu mfukoni nikarudi ukutani, kwa sababu nilikuwa nimebaki na kipande cha mita mbili na jua lilikuwa linakuja.

Neno la kutorudi tena halikusemwa. Nilingoja alitaje, nami sikulitaja. Siku ya nane nilimwona akimweleza kogo kwa vidole, vile vinavyokunjika, kuhusu mwaka ujao: alionyesha mwezi, alionyesha ukuta, alinionyesha mimi, akaonyesha mtu anayekuja mapema zaidi. Kogo aliitikia, kisha akaonyesha magoti yangu, akafanya ishara ya kitu kama mto wa kuwekea chini. Wakajadiliana kuhusu huo mto. Hakuna aliyeniuliza.

Siku ya mwisho niliamka kabla yao. Nilianza upande wa nyumba, nikaenda taratibu, nikishika kichipukizi kwa chini na kukivunja kwa ukucha kama nilivyoonyeshwa, kidogo tu, kilichofungika, kisicho na mstari mweupe kileleni. Nilipojaza kopo nilikuwa siwezi kusimama wima. Nilimpelekea mke wangu kwenye kiti chake. Kogo alikuwa amekaa kando, na kahawa.

Aliliweka mapajani. Akaingiza mkono. Akatoa moja, akaitupa nyuma. Akatafuta muda mrefu. Akatoa ya pili. Akamwaga zote kwenye leso, akazitandaza kwa kiganja, akatoa ya tatu. Akazirudisha zingine zote ndani ya kopo, akampa kogo, na kogo akamimina kwenye chumvi bila kutazama.

Nilidhani sasa atasema keti, upumzike, meli ni saa nane. Alikuwa anaangalia juu ya kichwa changu, kule ukuta unapokunja kona.

"Kule juu umeruka," akasema. "Panda kabla jua halijafika."

Nikapanda.